Papa Katende, Fundi wa Manjanja ya Zamani

Wazazi, ndugu, majirani, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu leo, familia imetutuma tuwasomee maisha ya papa Katende, na mama Bilonda, mjane wake, ameagiza tusipambe chochote, kwa sababu bado amemkasirikia.

Papa Katende Kalonji alizaliwa Likasi tarehe 12 Machi 1961, akasoma shule ya msingi huko huko, akajifunza useremala hadi mwaka 1979, kisha akashika kazi ya kuezeka nyumba, na tarehe 4 Agosti 1984 akafunga ndoa kanisani na Bilonda, wakajaliwa watoto watano, ambao wote wako hapa.

Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai, kama yeye, walipofukuzwa Likasi, wenzake walipakia magodoro na masufuria kwenye treni, yeye akapanda juu ya nyumba yake, akang'oa manjanja kumi na nane, mabati yaliyokwisha kushika kutu, mama Bilonda akasafiri siku tisa ameyakalia, na treni ilipokwama hapa Kamina wakaezekea kibanda, wakabaki.

Tangu hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Kila nyumba ilipobomolewa mjini, kabla mabati hayajatupwa korongoni, papa alifika na baiskeli, akagonga bati kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Hii iko muzima bado," akalipeleka nyumbani, akalipiga nyundo mpaka likanyooka, akaziba matundu kwa lami, na hata misumari ya zamani akainyoosha. Hatukatai, madarasa matatu ya parokia na nyumba za wajane kumi na wanne zina paa leo kwa vitu ambavyo mji mzima uliviita takataka, lakini uwanja wa nyumbani kwake ulijaa mabati mpaka wageni wakawa wanapita ubavu ubavu, na jiko la mama Bilonda, mke wa fundi wa paa, lilivuja miaka sita, kwa sababu kila bati zuri lilipata mtu mwenye shida zaidi.

Tarehe 23 Septemba 2024 papa alikanyaga msumari wa kutu. Mama alimwambia aende kuchomwa sindano, akamwambia asubuhi, akamwambia mchana, akamwambia mbele ya wakwe, akaficha hata nyundo, papa akaosha mguu kwa maji ya chumvi, akaugonga kwa kidole, akajibu, "Weye Bilonda, muguu iko muzima." Jamani, mguu si bati! Tarehe 3 Oktoba mataya yakakakamaa, tukamkimbiza hospitali, kumbe pepopunda ilikwisha kumshika, na tarehe 8 akatuacha, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana na ugonjwa ambao sindano moja ingeuzuia, majirani waliopika na kulala nasi hapa kilioni, na mafundi wenzake, ambao tunawaomba, yeyote atakayekanyaga msumari aende hospitali siku ileile, na Jumatatu mje na nyundo, maana mvua imeanza, na mama ameapa hakuna bati litakalotoka uwanjani kabla jiko lake halijaezekwa.

Papa Katende, mkeo anasema umemwachia mabati mia mbili, na hana tena mtu wa kumfokea. Pumzika kwa amani, na safari hii, tafadhali, pumzika kweli.