Kitambi Kilichokuwa Henia

Walisema sitainua jembe tena maishani. Jirani yangu Mutua alisema mtu aliyepasuliwa tumbo mara mbili ni wa kuwekwa kwenye kiti na kuletewa uji. Ndugu zangu, Bwana apewe sifa zake: tangu waseme hivyo nimevunja mipini miwili, na mmoja ulikuwa wa Mutua.

Mimi ni mzaliwa wa Mbooni, karibu na Kikima. Nilienda Uhindi kwa jasho langu, sikubebwa na mjomba wala chifu, nikarudi na diploma ya ujenzi. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, ungepanda milima yetu yote usipate diploma nyingine. Nasema hivi kwa utukufu wa Mungu.

Lakini nilirudi na kitu kingine pia. Huko ng'ambo kidole tumbo kilinipasukia, nikapasuliwa kutoka kitovuni kwenda chini. Kidonda kilipona vizuri. Baada ya miezi michache nikaona uvimbe kwenye kovu, mdogo kama limau. Nilipofika nyumbani ulikuwa kama papai. Nikilala chali niliurudisha ndani kwa kiganja. Nikisimama, unatoka tena.

Mutua alipouona chini ya koti alifurahi. "Huyu amekula," akasema. "Tazameni kitambi cha mtu wa mshahara."

Nami sikukanusha. Nilishonesha suruali pana, nikaanza kutembea polepole kama mkurugenzi. Aliyejua ni mke wangu Syombua peke yake.

Shida ilikuwa mwethya. Kwetu watu huchimbiana mashamba kwa zamu, na siku uliyochimbiwa lazima uirudishe kwa mikono yako mwenyewe. Tulikuwa tukichimba matuta ya fanya-juu, ambayo udongo hautupwi chini, unatupwa upande wa mlimani. Watu wa nyumba kumi na moja walikuja wakachimba shamba langu lote. Mimi nilisimama na fimbo nikiwaonyesha mstari ulionyooka, maana nilikuwa nimesomea. Zamu ya kwenda kwa wengine ilipofika, nikamtuma Syombua.

Mama Kalondu, mwenyekiti wetu, alikataa. "Syombua anachimba siku yake. Yako iko wapi, Diploma?"

"Nina kazi za ofisi, mama."

"Ofisi gani, na kutwa uko hapa?"

Watu wakacheka, na aibu hiyo ikanifanya mjinga. Jumamosi moja tulipokuwa tukijenga kanisa, nilinyakua jiwe ambalo vijana wawili walikuwa wanaliviringisha, nikaliinua hadi kifuani. Walinipigia makofi. Nikasikia kitu kikichomoka tumboni. Nililala chali nyuma ya ukuta, nikasukuma. Uvimbe ukakataa kurudi, ukawa mgumu. Nikaanza kutapika. Syombua akapaza sauti mbele ya kanisa zima, "Jamani, hicho si kitambi! Ni utumbo!"

Walinipakia kwenye pikapu ya mboga mpaka hospitali ya misheni. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Daktari Mutheu. Alinipa dawa ya maumivu, akaukandamiza uvimbe taratibu kwa muda mrefu, huku wenzangu wakiomba nje, hadi utumbo ukateleza ndani.

"Ungechelewa, utumbo ungeoza," akasema. "Ngozi ilipona, lakini ukuta wa ndani uliachia. Hii ni henia ya mahali pa mshono."

Alikuwa na daftari la utafiti. Aliandika humo kila mtu aliyetengenezwa henia ya tumbo pale, kisha akawatafuta vijijini baada ya mwaka, baada ya miaka miwili, aone kama imerudi. Daftari lilimfundisha kwamba tundu pana likishonwa kwa uzi tu, mara nyingi huachia tena. Kwa hiyo alikuwa ameanza kuweka wavu laini wa plastiki, nyama ya mwili imee ndani yake. Wavu wenyewe ulitoka ng'ambo, kama mimi.

"Kama unavuta sigara, uache, kikohozi kitaharibu kazi yangu," akasema. "Na usinidanganye. Nikiandika uongo humu, nitamuumiza mgonjwa mwingine."

Hapo ndipo Bwana aliponiokoa, ndugu zangu, kabla hata ya kisu. Nilimwambia yote: sigara, jiwe, suruali pana. Kisha nikawaita Mutua na Mama Kalondu kitandani, nikawaambia vilevile.

Mutua akaniuliza, "Kwa hiyo pesa huna?"

"Sina."

"Basi wewe ni mtu wetu."

Wiki iliyofuata nilipasuliwa, wavu ukawekwa. Kwa miezi sita Daktari alinikataza kuinua chochote kizito kuliko Biblia. Nilitii, nami si mtu wa kutii.

Mwaka ulipopita alikuja nyumbani na daftari lake. "Kohoa," akasema. Nikakohoa. "Tena." Akabonyeza kovu lote kwa vidole, hakupata tundu. Akaandika. "Sasa chimba. Anza kidogo kidogo."

Nikaanza kurudisha siku nilizodaiwa, nyumba ya kwanza, nikaenda ya pili, nikaendelea. Ndugu yangu unayesoma haya ukiwa na uvimbe ambao umeupa jina zuri, mtegemee Bwana. Mwambie ukweli, kisha nenda kwa daktari ukamwambie ukweli huohuo. Bwana aliyeniokoa mimi pamoja na kiburi changu, ambacho bado tunakishughulikia, hatashindwa na wewe.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Mama Kalondu, na shamba lake lina mteremko mkali kuliko yote huku kwetu. Nilichimba tangu asubuhi, nikirusha udongo juu, hadi tuta likafika mwisho wa mstari. Mama Kalondu akatembea juu ya tuta lote, akilikanyaga kwa kisigino kila hatua. Halafu akawageukia watu.

"Huyu hadaiwi siku ya mtu."

Nikaegemea jembe nikamshukuru Mungu. Tumbo lilikuwa linauma, lakini ilikuwa njaa tu.