Mzee Kufuli na Ua Wake wa Beri Nyeusi

Ndugu, jamaa na majirani, mliokuja kwa majonzi na mliokuja kuhakikisha, poleni wote na karibuni.

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Kufuli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, nyumba ya pili kutoka daraja la reli, akiwa mtoto wa nne wa mpiga chapa na muuza maziwa. Mama yake alisimulia kwamba alizaliwa amekunja ngumi, na alipokunjuliwa hakukutwa na kitu. Ndiyo kusema alianza mapema kufunga visivyo na kitu ndani.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1956 hadi 1963. Kati ya nyumbani na shuleni palikuwa na mteremko uliojaa vichaka vya miiba vya beri nyeusi za asili, zile zinazopandwa na ndege na kupaliliwa na Mungu. Msimu wa beri alichelewa karibu kila siku, na kila siku alikuwa amemvusha bibi kizee barabara. Mwalimu hakubishana naye. Alisema tu, "Toa ulimi." Ulimi ulikuwa mweusi tii. Sekondari hakufika, wala hakulalamika. Alisema somo alilolipenda alikwisha kulila.

Mwaka 1966 alijifunza kazi kwa fundi kufuli, na mwaka 1974 akafungua kibanda chake mbele ya stendi. Kwa miaka arobaini alifungia watu maduka, maofisi na masanduku ya siri, lakini lango la nyumba yake halikuwahi kuwa na kufuli. Badala yake alichimba machipukizi kule mteremkoni, akayapanda kuzunguka ua, akayaegemeza kwenye nyaya na kuyatandikia majani makavu. Mteja akimuuliza, "Fundi, kwako umefunga na nini?" alijibu, "Na matunda."

Mwizi mmoja hakuliamini hilo. Kulipokucha alikutwa katikati ya kichaka, amenasa kama nguo kwenye kamba.

"Kijana, unaingia au unatoka?" marehemu alimuuliza.

"Mzee, popote tu!"

Marehemu alileta mkasi akamnasua taratibu. Shati la mwizi alilikata vipande. Shina hata moja hakuligusa, kwa sababu yote yalikuwa machanga. Na hapo, mwizi akiwa kifua wazi, alimpa somo ambalo wengi wenu mmelisikia mlipofuata funguo tu: "Shina la beri, mwaka wa kwanza linakula bure, mwaka wa pili linazaa, kisha linawapisha wenzake. Kwa hiyo unakata lililokwisha zaa. Changa unaliacha, hata kama linakuudhi."

Alifunga ndoa tarehe 9 Julai 1977 na fundi cherehani, ambaye leo ni mjane wake. Walijuana kwa ajili ya suruali moja iliyoraruliwa na miiba kila wiki. Siku moja bibie akamwambia, "Kaka, humu kitambaa chako kimekwisha. Unavaa nyuzi zangu." Marehemu akajibu kwamba basi ni haki mwenye nyuzi ahamie kwake. Walijaliwa watoto watatu na mitungi mingi ya jemu.

Na jirani yake wa mpakani, mwalimu mstaafu wa hesabu, waligombana kwa uaminifu mkubwa.

"Mzee Kufuli, mtoto wako kaingia kwangu tena!" mwalimu alipiga kelele kila shina lilipovuka mpaka.

"Mpe chai!"

"Ana miiba!"

"Basi mpe kwa adabu!"

Mwaka jana marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa. Kifungua mimba wake, ambaye ana gari na hana pa kuliweka, kwa muda mrefu alitaka kichaka king'olewe, ujengwe ukuta na banda la gari. Ila safari hii alishika panga kwa nia njema, baba akirudi akute pasafi. Akayaacha mashina makuukuu, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yamezaa, akafyeka yote machanga.

Marehemu alirudi, akachungulia dirishani. Kisha akasema, "Mwanangu, umefyeka watoto, ukatuachia maiti." Akacheka mpaka mkewe akamletea maji. Alijua, na sote tukajua, kwamba msimu huu uani hapatakuwa na beri hata moja, na kwamba yeye huenda asiuone mwingine. Ndipo akawaita wanawe akawaapisha: "Nikiondoka, jengeni mnachotaka. Lakini kichaka msiking'oe kabla hamjala beri zake."

Tarehe 2 mwezi huu, asubuhi, akiwa kitandani kwake na dirisha likiwa wazi, aliwapisha wenzake.

Juzi, tukiwa msibani, mwalimu aliingia na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Akalitua mbele ya mjane. Lilijaa beri. Alieleza, huku akitazama viatu vyake, kwamba mwaka juzi shina moja lilivuka kwake, likainama, ncha ikagusa udongo ikatoa mizizi, na yeye "alisahau" kuling'oa. Mtu huyu hajasahau mita moja ya mpaka wake maisha yake yote.

Chumba kizima kikamgeukia kifungua mimba. Kiapo ndicho hicho, kimekuja na bakuli. Akila tu, ukuta ni wake.

Alichukua moja, akatafuna. Akachukua ya pili. Akavuta bakuli lote magotini, akala kama anayelipiza, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Mama yake alipouliza kwa upole, "Kwa hiyo baba, umekula?" alijifuta kwa mkono, akatoa ulimi mweusi tii, akasema:

"Hizi ni za jirani, mama. Za kwetu bado."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, mwalimu mmoja asiye na wa kugombana naye, na kichaka ambacho tangu wiki iliyopita kina machipukizi. Hayaguswi.

Apumzike kwa amani Mzee Kufuli. Lango liko wazi.