Kalibu ya Vifungo Niliyoiharibu kwa Kuing'arisha

Kabla dua haijasomwa, wanachama wenzangu, nipeni nafasi. Mie mnanijua, yule mchonga vinyago kutoka kusini. Mnachokijua ni hicho tu. Jinsi ninavyojichukia hamjui.

Kiwanda cha vifungo vya mashati pale Chang'ombe kilinichukua kwa ajili ya mkono wangu. Kalibu yao ya chuma ilikuwa imechakaa. Vile vishimo vidogo vinavyominya unga wa plastiki kwa moto mpaka uwe kifungo vilijaa mikwaruzo, na vifungo vikawa vinanasa. Fundi mkuu akanipa msasa laini na mafuta, akaniambia nisugue ndani ya vishimo tu, midomo yake, zile kingo kali za juu, nisiiguse.

Ndugu zangu, sie wachongaji hatuachi ukingo mkali. Nimelelewa kuamini kwamba kazi inayokata kidole haijaisha. Basi nikailainisha midomo yote, nikasugua mpaka nikajiona uso, na nikajisifu. Mjinga mie.

Kesho yake vifungo vikatoka na ndevu pembeni, maana unga ulivuja pale nilipolainisha. Debe zima, takataka tupu. Fundi mkuu akauliza nani kaharibu. Nikasema, kwa mdomo huu huu, kwamba mwenzangu, mchanganyaji wa unga, kauzidisha. Akafukuzwa mbele yangu, ilhali mkewe ni mjamzito. Nikainamia kazi yangu kama sijasikia. Ptu!

Tangu siku ile nikawa najiona nanuka, naoga na bado nanuka. Akaletwa mchanganyaji mwingine, ndevu zikawa zile zile, naye akaanza kutukanwa. Mke wangu, niliyekwisha kumweleza, akaniambia, "Unangoja na huyu naye afukuzwe?"

Nikaenda kwa fundi mkuu, nikasema yote. Hakunifukuza. Alinipa jiwe la kunolea, nikasaga uso wa kalibu siku sita mpaka midomo ikawa mikali tena. Akatuma yule mwenzangu aliyefukuzwa aitwe. Mwenzangu akakataa kurudi.

Namshukuru mke wangu, namshukuru fundi yule. Nanyi nawaambia, ukiharibu sema siku ile ile, kabla mtu mwingine hajabeba lawama yako.

Na wewe niliyekusingizia, umo humu ndani, sikutaji. Hujanisamehe, na leo sikuombi. Nimesimama ili hawa wote wasikie kwamba unga wako ulikuwa sawa.