Kopo Lenye Fahali

Benchi letu liko Ndorong, Kaolack, mbele ya ghala la karanga lililofungwa miaka mingi. Kikalio chake ni ubao wa lori, miguu yake masanduku, na upande wa kushoto umebonyea kiasi kwamba mgeni akikaa lazima amwegemee mwenyeji. Mama yangu ndiye muuza kahawa wa hapa, ile nyeusi inayokaangwa pamoja na viungo vikali mpaka inakuwasha koo. Ila mwezi huu goti lake limegoma na chuo changu nacho kimegoma, kwa hiyo chupa ya kahawa ninayo mimi. Wenye benchi ni wanne. Waziri aligonga mihuri ya vyeti vya kuzaliwa kwa miaka thelathini na bado anaongea kama ametoka ikulu asubuhi hii. Ukuta ni mwanamieleka mstaafu, na shingo ameivaa kama nguo. Satelaiti anatengeneza redio, hivyo hakuna habari isiyompitia. Wa nne ni Jino, mpimaji wa karanga: akiing'ata moja tu anakwambia imetoka kijiji gani na ilinyeshewa mara ngapi. Nafasi ya Jino ni mwisho wa benchi, na kikombe chake hujazwa kila siku kana kwamba yupo. Hayupo. Yuko nyumba ya ng'ambo ya barabara na saratani ya ini, na kesho alfajiri kuna gari la kumpeleka Dakar akaanze dawa. Asubuhi hii mada ilikuwa moja: aende, au abaki na kopo? Na sheria ya benchi kila mtu anaijua. Kahawa ikiisha, mada imeisha.

— Asiende, alisema Waziri kabla hata sijamjazia. Nimelitafakari suala hili usiku kucha. Asiende.

— Usiku kucha ulikuwa unakoroma, alisema Satelaiti. Mke wako kamwambia mke wangu.

— Nakoroma huku natafakari. Serikalini tumezoea.

Kopo lenyewe lilikuja na Ukuta wiki tatu zilizopita, kutoka ukumbi wa mazoezi anaofundisha vijana mieleka. Jeupe, kubwa kama ndoo ya mtoto, limechorwa fahali mwenye mikono ya binadamu, na halisemi popote limetengenezwa wapi. Ndani ni unga wa amino asidi, vile vijenzi vya protini, wanaounywa wanamieleka ili wajae. Siku ile waliniomba nisome kwenye simu unga huo unamfanyia nini mgonjwa. Nikasoma kwa sauti yangu ya ukumbini, ile ya midahalo: kwamba askari wanaoulinda mwili hujengwa kwa vitu hivi, kwamba mwenye saratani hupungukiwa navyo, kwamba bila hivyo askari hulegea. Waziri akapiga makofi. Ukuta akalinyanyua kopo kama kombe la ubingwa. Ukurasa ulikuwa na nusu ya pili. Sikuisoma. Nilikuwa nimeshashinda, na mimi nikishashinda hukaa chini.

Nusu hiyo nilikuja kuisoma jana usiku.

— Ukuta, hebu mweleze Wakili, alisema Waziri. Wakili ndiye mimi, jina walilonipa kwa midahalo yangu. Mweleze unga ulikufanyia nini wewe mwenyewe.

— Dada, tazama shingo hii. Ilizidi vidole viwili kwa mwezi mmoja. Mwezi mmoja! Nilikuwa najiandaa na yule jamaa wa Fatick.

— Ukamwangusha? niliuliza.

— Aliniangusha mimi. Dakika ya pili. Lakini nilianguka na shingo kubwa, uwanja mzima uliiona.

Satelaiti alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Waziri akapata mlango wa kuingilia, maana yeye ni Ndiaye na Ukuta ni Diop, na kwetu hao ni watani tangu tumboni.

— Nyie akina Diop mngekosaje kuanguka, na matumbo yale? Juzi kwenye karamu ya mtoto wa Fatim nilikaa na huyu sinia moja. Mkono wake hauna mpaka! Mama mwenye nyumba hajagawa samaki bado, Diop keshafika katikati!

— Nilikuwa naondoa mwiba, mtumwa wangu. Sikutaka bwana mkubwa kama wewe asakamwe.

— Mwiba ulikuwa na kilo mbili za nyama?

Nikawaacha wacheke. Halafu nikaweka chupa chini.

— Wazee wangu, gari ni kesho. Nani hapa atamwambia Baba Biram apande?

Hilo ndilo jina la Jino, Biram Ngom, na benchini halitumiki.

— Binti, sikiliza hoja, alisema Waziri, akajiweka sawa. Wewe mwenyewe ulitusomea: mwilini kuna askari. Sawa? Sisi tumewalisha askari hao wiki tatu, kijiko asubuhi, mchana, jioni. Wameshiba, wamevaa, wako kambini. Sasa ile dawa ya Dakar inafanya nini? Uliza yeyote aliyeipata. Nywele zinaanguka. Damu inapungua. Inaua askari! Tuwanenepeshe kwa mikono yetu, halafu tuwapeleke wenyewe wakapigwe risasi?

Nikiri. Ni hoja nzuri. Ningeisikia chuoni ningeandika pembeni, "hatari".

— Na kwa nini wanaficha? aliongeza Satelaiti. Kule Ziguinchor kuna mwanamke, redio ilisema, alikuwa na uvimbe kama tikiti maji. Akanywa unga huu huu. Siku ya arobaini uvimbe ukatoka kwa jasho. Shuka lililowa, wakalikamua, ndoo nzima.

— Jasho la uvimbe?

— Lilikuwa la kijani. Ndiyo maana hospitali hazisemi. Watu wote wakipona kwa jasho, madaktari watakula nini?

— Mimi naona tunakosea njia, alisema Ukuta, akishika tumbo lake mahali ambapo si penye ini. Unga unapita mdomoni, kooni, tumboni, unazunguka mwili mzima ndiyo ufike. Safari ndefu. Ungepakwa hapa kwa nje, usiku, ukafungwa na kitambaa. Ungeingia moja kwa moja. Sisi kabla ya pambano hatunywi ile dawa ya mganga, tunaoga.

— Tena uchanganywe na maji ya pambano ulilowahi kushinda, alisema Satelaiti.

— Atayapata wapi, alisema Waziri. Ndugu zangu, tufikiri kiserikali. Ugonjwa huu ni mgeni asiye na vitambulisho. Umeingia, umejenga, haujaandikishwa popote. Unga kazi yake ni kuwapa askari macho. Wanapita nyumba kwa nyumba, hodi, karatasi zako ziko wapi? Huna? Toka! Ini la Jino litasafishwa kama soko siku ya ukaguzi. Nipeni mwezi mmoja.

— Mlishapewa wiki tatu, nilisema, na nilisikia sauti yangu ikipanda. Daktari wa Dakar hakuahidi kupona, aliahidi kujaribu, na kujaribu kwenyewe kuna tarehe. Tarehe ikipita, anarudi nyuma ya foleni. Nyie mmemwahidi kupona, kwa kopo lenye picha ya ng'ombe!

— Fahali, alisema Ukuta.

— Huyo daktari, alisema Waziri, si ndiye aliyemwuliza Jino kama alikuwa aking'ata karanga zenye ukungu, ule unaoharibu ini? Mtu kang'ata karanga miaka arobaini kuwalisha watoto wake, leo unamwambia kosa ni jino lake. Daktari wa hivyo mimi simwamini na mtu wangu.

— Huyu si mtu wako peke yako.

— Ni nani aliyekaa naye hapa kila asubuhi? Wewe ulikuwa hujazaliwa!

Macho yalimjaa maji, yule mzee wa mihuri. Nikaelewa kitu ambacho kilinikasirisha zaidi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anabishana kuhusu dawa. Waliogopa Dakar. Majirani wawili wamekwenda huko kwa ugonjwa huo huo mwaka huu, na wote wawili wamerudi wamelala nyuma ya gari, wamefungwa kwenye shuka. Kopo lilikuwa njia ya kumbakiza benchini.

Lakini hofu yao ilikuwa inamla mtu, nami nilikuwa na nusu yangu ya pili. Nilishaipanga kichwani: kwanza hiki, pili hiki, tatu ndiyo nisome. Nikafungua simu. Wakati huohuo Satelaiti akaweka kikombe chini na kusema polepole:

— Shemeji anakuja.

Mama Tening, mke wa Jino, alikuwa anavuka barabara. Miaka yote niliyokaa nikimwangalia mama akimimina kahawa hapa, sijawahi kumwona mwanamke huyu akivuka. Akiwa na shida na mumewe husimama mlangoni akaita. Safari hii alikuja moja kwa moja, pikipiki ikamkwepa, wala hakugeuka. Mkononi alikuwa amebeba kopo.

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam, shemeji! Waziri alisimama. Mgonjwa ameamkaje?

— Ameamka.

— Alhamdulillahi. Usingizi?

— Upo.

Akaliweka kopo kwenye nafasi ya Jino, kando ya kile kikombe kilichojazwa. Lilikuwa limebaki robo. Hakukaa.

— Nina swali. Nimekuja kwenu kwa sababu nyie ndio mnaoujua unga huu.

— Uliza, shemeji, alisema Ukuta. Hapa ni kwako.

— Kwangu sinia nagawa mimi. Mnajua, mmekula kwangu wote. Samaki akishawekwa katikati, hakuna anayemgusa. Natoa kipande, namrushia mtoto upande wake, mgeni upande wake, baba yao upande wake. Atakayenyoosha mkono mpaka katikati nampiga vidole, hata awe Diop.

Ukuta aliangalia chini.

— Sasa nyie mmeniambia ndani ya tumbo la Biram kuna askari na kuna adui. Wote wamo humo humo, sinia moja. Mimi natia unga kama mlivyosema, sijaruka hata kijiko. Ukishafika pale ndani, nani anagawa?

Waziri alifungua mdomo.

— Yaani, mwili wenyewe una... kuna mpangilio...

— Nani anampiga vidole yule adui, asile?

— Unakwenda kwenye misuli kwanza, shemeji, alisema Ukuta kwa sauti ndogo. Kwangu ulikwenda kwenye shingo.

— Misuli ipi, mzee? Nimemwogesha leo. Mkono wake nauzungushia kidole gumba na cha shahada, vinakutana, tena pale juu begani. Mapaja hana. Tumbo ndilo limejaa, linang'aa kama langu nilipokuwa na mapacha. Mkija kumjulia hali mnamkuta nimeshamvisha kanzu ile pana, ndivyo anavyotaka. Mnaona uso, mnasema anaendelea vizuri. Mimi naona nani ananenepa.

Pikipiki zilipita. Satelaiti alikuwa anazungusha kikombe chake, anazungusha, hanywi.

— Basi aende! Waziri alisema ghafla, karibu apige kelele. Kesho aende! Nani kasema asiende? Mimi nitamshika mkono mpaka kwenye gari, nitakaa naye njia nzima!

— Kiti cha gari amekiachia mtu mwingine. Jana jioni, alimpigia dereva mwenyewe, nilikuwa jikoni.

— Atafutiwe kingine! Gari ziko kumi pale stendi!

— Jana alikuwa anaweza kukaa, Waziri. Leo nimemwekea mito mitatu, anateleza. Nikapiga simu kule Dakar asubuhi. Wakaniuliza, anakaa? Nikasema hapana. Anasimama? Nikasema hapana. Wakasema kwa hali hiyo dawa ile hawataianza, nimtunze nyumbani, nimpe anachotaka.

Waziri alikaa. Alikaa upande uliobonyea, akamwegemea Ukuta, na Ukuta hakumsukuma.

— Jana nilimwuliza kwa nini amekiachia kiti. Hakunikasirikia. Alisema, "Tening, wale watatu wananipenda, na yule binti amesoma. Hawawezi kukosea wote kwa pamoja."

Akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira. Ningeshukuru angekuwa na hasira, hasira naijua, najua pa kuishikia.

— Mwanangu, wewe uliyesoma. Nani anagawa?

Simu ilikuwa bado imewaka mkononi. Nusu ya pili ilikuwa pale, mistari minne: kwamba chakula hicho hicho cha askari, uvimbe nao hukila, mwingine hukila kwa pupa kuliko askari, kwamba wataalamu bado wanabishana apewe nani, kiasi gani, lini, kwamba mgonjwa asijipe mwenyewe. Nilikuwa nimeipanga iwe kipengele cha tatu. Kilikuwa jibu kwa Waziri, jibu zuri, lingemkalisha chini. Kwa mwanamke huyu hakikuwa jibu la chochote. Kingemwambia tu kwamba wiki tatu, mara tatu kwa siku, kwa mkono wake mwenyewe, pengine alikuwa akimrushia samaki yule asiyestahili. Na kwamba mimi ukurasa huo nilikuwa nao tangu siku ya kwanza.

Alisubiri. Wazee watatu nao waliniangalia, kwa mara ya kwanza bila utani, kama watu waliosimama dirishani wakisubiri jina lao liitwe.

Nikaizima simu. Nikainyanyua chupa, nikaitikisa kidogo karibu na sikio, kama mama anavyofanya.

— Kahawa imeisha, nilisema.

Wakaelewa. Satelaiti alinyanyuka wa kwanza, akaweka kikombe chake kwenye beseni. Halafu Ukuta. Waziri alichukua kopo kutoka kwenye nafasi ya Jino, akaliangalia, hakujua alipeleke wapi, akalirudisha. Mama Tening alisimama kidogo zaidi, labda alidhani ninatafuta maneno, kisha akavuka barabara kurudi kwake.

Chupa ilikuwa bado nzito mkononi mwangu.