Lorraine Tveit, Sungura Wake na Karatasi za Kodi

Baada ya miaka ishirini na tisa katika Ofisi ya Misaada ya Ada, Bi Lorraine Tveit anatuaga rasmi tarehe 30 Mei. Alianzia dirishani akipokea barua, akapanda hadi kuwa mhakiki mkuu wa karatasi za kodi za wazazi, cheo ambacho, kwa maneno yake, humkosesha mtu mialiko ya chakula cha jioni.

Mimi nimekaa meza ya pili kutoka yake tangu nilipofika Minnesota na koti lililoshonwa kwa ajili ya mji wa joto ambao sikuurudia tena. Nililelewa kuamini kwamba mfuko wa mwanamume hauulizwi, hata na mkewe. Riziki ikanipa kazi ya kuuliza mifuko ya wanaume wa watu.

Ndipo akaja Bwana Verlyn Haugdahl, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Binti yake, Britta, alikuwa amepata nafasi chuoni. Bila ritani ya kodi ya baba, ile karatasi ya kutangaza mapato, hakuna msaada, na bila msaada Britta angebaki zizini. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kupokea maombi. Baba alikuja na karatasi ameikunja ndani ya koti, akagoma kuitoa. Nikamhutubia. Nilianza na elimu ni bahari, nikapitia mbegu na mavuno. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akavaa kofia.

"Bora nimpe mbwa aitafune kuliko nyinyi muione."

"Huyo mbwa naye tutahitaji sahihi yake," Lorraine akajibu bila kuinua kichwa. Akafungua mtoto wa meza, akatoa ritani yake mwenyewe, akamsukumia. "Haya, nimeanza mimi. Soma."

Kidole cha Bwana Haugdahl kikashuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Hasara ya biashara ya... sungura?"

"Sungura."

"Mama wee! Hata sungura wamekushinda kuwazalisha?"

"Nilinunua madume watupu. Na siku hiyo nilikuwa nimevaa miwani."

Bwana yule alicheka hadi akaketi. Kisha akatoa yake. Mwaka ule ng'ombe walikuwa wamemla yeye: mapato yalikuwa chini ya sifuri. Aibu aliyokuwa akiificha ndiyo iliyompatia Britta msaada kamili. Leo Britta ni daktari wa mifugo, na huwatibu sungura wa Lorraine bure.

Tangu siku ile, ritani ya sungura imefungua bahasha nyingi kuliko hotuba zangu zote. Nusu ya wilaya inajua mshahara wa Lorraine, na hakuna hata mmoja aliyeuonea wivu.

Wiki iliyopita alinikabidhi mtoto wa meza bila kitu ndani. "Weka yako, Mzee Mbwana." Yangu ina hasara ya diwani ya mashairi niliyojichapishia, nakala zake bado zimelala gereji, mahali pa gari. Jumanne akaja baba mmoja fundi magari, bahasha kaibana kwapani. Nikaacha bahari na mbegu, nikamsukumia karatasi. Akasoma, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Mashairi? Na wachapaji uliwalipa wewe?"

Akaifungua bahasha yake.

Ahsante, Bi Lorraine, kwa kutufundisha kuchekwa kwanza. Mapumziko yako yawe marefu, afya isikupungukie, na safari hii, tafadhali, nunua na majike.