Mzee Nalianya na Shimo la Sebuleni kwa Mama Adero

Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, Mzee Phanuel Nalianya anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti 1996. Sisi wenzake wa maabara tunamuaga, nami nimeombwa niandike kwa furaha. Furaha ninayo tele, maana nimeolewa juzijuzi na Ogola wangu, na hata chumba chetu cha mabati kule Kawangware nakiona kama bustani. Lakini nina hasira pia, na sitaificha.

Mzee alianza kama mfagizi wa maabara, kisha akawa mchukuaji wa sampuli. Alichimba udongo karibu na machimbo ya dhahabu, akautia kwenye makopo na kuyaziba mwezi mzima, ndipo wataalamu wakapima mnururisho wa asili, ule unaotoka ardhini bila bomu wala kiwanda. Kwake Soweto West majirani humtania, "Mzee, leo umeleta dhahabu?" Naye hujibu, "Ningeileta, ungenikuta Kibera?" Githeri yake ya mchana nayo aliibeba kwenye kopo la aina hiyohiyo. Siku moja daktari mmoja alilifungua akitaka udongo, akakuta maharagwe. Tulicheka hadi machozi.

Miaka mitatu iliyopita alitumwa Migori. Huko akina mama husiriba sakafu kwa mchanga laini unaobaki dhahabu ikishatolewa. Mama mmoja alimruhusu achimbe katikati ya sebule yake kwa sharti moja: arudi amwambie kama sakafu hiyo ni salama kwa wajukuu. Mzee akaahidi.

Majibu yalitoka. Mchanga ule ulizidi udongo wa shambani kwa mnururisho, haufai kusiriba nyumba. Yakasomwa kwenye mkutano hotelini, wageni wakapiga makofi, chai ikanywewa. Mzee akaomba gari arudi Migori. Akaambiwa hakuna petroli. Akaomba tena, akaambiwa asiwatishe wananchi. Wananchi gani? Hao hao wanaolaza watoto juu ya mchanga huo?

Desemba iliyopita, tukiwa bado wachumba, Ogola alinipeleka kwao Migori. Nimevaa viatu vipya, macho yangu yote kwake, nikatumbukiza mguu shimoni sebuleni. Mama mkwe, Mama Adero, aliniinua akisema, "Pole, nyathina, mwanangu. Hilo ni la Nalianya wa Nairobi. Silizibi, hajaniletea jibu."

Jibu nililijua! Lakini mchumba anaanzaje kumwambia mama mkwe kwamba sakafu yake ni mbaya? Ogola alipomwambia, mama alinitazama mimi. "Umeanza kumtuma mapema," akasema. "Aliyechimba ndiye atakayesema."

Ofisi imemnunulia Mzee saa ya ukutani. Saa haizibi shimo! Miaka mitatu watoto wanatambaa pale kwa sababu ya petroli.

Basi mimi na mpenzi wangu tumeahirisha fungate. Jumamosi tunapanda basi la Migori na Mzee. Mama Adero amepata habari, na jogoo ameshafungwa kamba.

Asante, Mzee Nalianya. Nenda ukatoe jibu lako, uzibe shimo lako, kisha uishi miaka mingi yenye raha.