Mzee Krimu na Ukuta wa Sebuleni

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Krimu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa tatu wa seremala. Alimaliza darasa la saba mwaka 1967. Walimu walimsifu kwa kuchora, kisha wakamchapa kwa kuchora ukutani.

Kazi ya kupaka rangi alifundishwa na mjomba wake, na hakuiacha tena. Kupima aliona ni kazi ya wasiojiamini. Yeye alichanganya kwa kukadiria, na krimu yake haikuwa na mpinzani. Mwaka 1978 alifunga ndoa na fundi cherehani, akimwahidi sebule ya krimu maisha yote.

Uzeeni, mtoto wa jicho alimwingia polepole bila yeye kujua. Akaiona dunia yote kwa ukungu wa rangi ya chai. Mwaka 2016 alipopaka upya sebule yake, alichanganya krimu, akaona imekuwa ya manjano mno, akaipoza kwa bluu, akaongeza tena. Ilipokauka alimwita mkewe aje aone. Ilikuwa bluu ya ndoo ya plastiki.

“Krimu safi kabisa, baba,” mkewe alisema.

Wateja nao wakamstahi, mpaka alipopaka dirisha la jirani pamoja na kioo chake. Hapo akapelekwa kwa daktari wa macho kwa nguvu.

“Leza? Mnataka kunichomelea kama geti?” aliuliza. Aliogopa sana, maana bila macho hakuwa na kazi.

“Hapana, mzee,” daktari alijibu. “Mashine inapima jicho kwanza, ndipo mwanga wa leza unakata kiduara. Tunatoa lenzi iliyochakaa, tunaweka mpya.”

“Inakadiria?”

“Haikadirii hata kidogo.”

Mzee Krimu alikubali shingo upande.

Jicho la kulia lilipopona, alisimama sebuleni akafumba moja, akafumbua, akafumba lingine.

“Nani kapaka uchafu huu?”

“Wewe,” mkewe alijibu.

“Na ukanyamaza miaka yote?”

“Ningesemaje, na ulikuwa umefurahi vile?”

Siku hiyo aibu ilimnyima chakula. Jicho la pili lilipokamilika, alibeba ngazi, akapita nyumba kwa nyumba akiomba radhi na kurudia kazi. Kinyozi tu ndiye aliyekataa, akisema wateja wamezoea.

Sebule yake aliiweka mwisho. Kuta tatu zilikuwa tayari krimu ugonjwa wa moyo ulipomzidi. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 2 Agosti 2023, mkewe akiwa amemshika mkono.

Watoto walitaka kuumalizia ukuta wa nne kabla ya wageni kufika. Mama akasimama mlangoni, akawazuia.

“Huo uacheni. Huo aliniita nikauone, anacheka.”

Kwa hiyo ninyi mliokaa sebuleni na macho yakawauma, familia inaomba mtuvumilie. Ukuta utabaki hivyo.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu saba. Mungu amlaze pema, mahali penye mwanga wa kutosha.